Maji ya Lulimba: nani apime, na apime nini?

Katika vituo vya dhahabu vya Fizi, mashariki mwa Kongo, mto ukibadilika rangi maelezo matatu huzuka siku hiyohiyo. Mmoja atasema ni tope la waosha mchanga, litapita. Wa pili atasema ni zebaki, na kwamba watoto wanaoharisha wamenyweshwa sumu. Wa tatu, mara nyingi mtu aliyewahi kuuguza mgonjwa wa kipindupindu, atanyooshea vyoo kidole. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na hakuna mwenye kipimo. Hapo ndipo linapopata nguvu pendekezo ambalo mashirika ya raia ya Kivu Kusini yamekuwa yakilisukuma: wananchi wenyewe wafuatilie uchafuzi wa maji, hewa na udongo wa makazi yao, bila kumsubiri ofisa wa Bukavu wala Kinshasa.

Wanaolipinga wanasema mwananchi hana maabara. Wanaolitetea wanajibu kwamba serikali nayo haina, angalau si hapa. Mabishano hayo yamejikita katika swali la nani apime, na swali la apime nini likaachwa nyuma, ingawa ndilo linaloamua kama kazi hiyo itazaa kitu.

Mji uliomea juu ya dhahabu

Lulimba iko kwenye barabara inayotoka Baraka na Fizi na kupitia Misisi. Wasomaji wa historia wanaijua kwa vita vya 1965, wakati ngome ya jeshi la serikali ilipokabiliana na waasi wa Simba waliosaidiwa na Wakuba wa Che Guevara. Leo jina lake linaenda pamoja na Misisi na machimbo mengine ya dhahabu. Watu wamekuja kwa sababu mbili ambazo mara nyingi ni moja: wengine wamekimbia mapigano vijijini, wengine wamefuata shimo jipya. Vita vikihama, watu huhama. Shimo likitoa, mtaa huzaliwa katika miezi michache.

Mtaa wa namna hiyo haupimwi viwanja. Choo huchimbwa pale penye nafasi, kisima pale penye maji, na umbali kati yao huamuliwa na mwenye nyumba. Bomba la Regideso, shirika la maji la taifa, halifiki. Watu huteka mtoni, kwenye chemchemi, au kwenye visima vya mikono vilivyoachwa na miradi iliyokwisha muda wake. Kwenye mto uleule wenye motopompe (pampu za injini) huvuta maji ya kuoshea mchanga na kuyarudisha yakiwa na rangi ya chai ya maziwa.

Kabla ya kuendelea, kuna jambo moja la jiografia la kunyoosha. Baraka wapo wanaohofia kwamba zebaki ya Lulimba inashuka Ziwa Tanganyika na kuingia katika dagaa na mikeke wao. Maji ya Lulimba hayaendi Tanganyika. Milima inayaelekeza magharibi: Kimbi inaingia Luama, Luama inaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo Mto Kongo wenyewe. Baraka ina uchafu wake, wa vyoo, wa taka za soko na wa mito inayoteremka upande wa ziwa, ila huo ni mjadala mwingine. Jambo hili lina matokeo ya kiutawala. Mkataba wa Ziwa Tanganyika uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003, pamoja na Mamlaka ya Ziwa iliyoko Bujumbura, hauna cha kusema kuhusu maji ya Kimbi. Wanaohusika zaidi ni majirani wa chini ya mto, huko Kabambare, mkoa wa Maniema, ambao mara nyingi hata hawaalikwi kwenye mikutano.

Tope, kinyesi, zebaki

Hatari tatu zinazozungumzwa hazifanani kwa kasi, kwa dalili wala kwa namna ya kuzipima. Vurugu kubwa katika mjadala huu inatokana na kuzichanganya.

Kinyesi ndicho kinachoua haraka. Kipindupindu kimekuwa mgeni asiyeaga katika maeneo ya Fizi na Uvira kwa miongo mingi. Mgonjwa asiyepata maji ya chumvi na sukari au dripu anaweza kufa ndani ya saa chache. Kundi la watoto wakiharisha katika wiki moja, la kushuku kwanza ni vijidudu.

Zebaki inaua polepole, na njia yake sio ile ambayo wengi wanaifikiri. Mawe yenye dhahabu husagwa kwa mashine au kutwangwa kwenye vinu, kazi ambayo huko Kamituga imewapa akina mama jina la twangeuses. Unga ukichanganywa na zebaki, zebaki hushikana na dhahabu, kisha donge huchomwa juu ya moto. Mvuke hauna rangi wala harufu. Unaingia mapafuni mwa anayechoma, na mara nyingi anachoma ndani ya nyumba au dukani kwa mnunuzi, watoto wakiwa karibu. Hapo ndipo dozi kubwa inapopatikana. Zebaki inayomwagika mtoni huzama na kukaa kwenye matope ya chini, ambako vijidudu huigeuza kuwa aina inayopanda ndani ya samaki, mdogo akiliwa na mkubwa, hadi sahani ya mlaji.

Matokeo yake ni kwamba maji yenyewe, yakichotwa na kupelekwa maabara, yanaweza kurudi safi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa zebaki katika maji ya kunywa ni maikrogramu 6 kwa lita, na mto uliochafuliwa kweli unaweza kuonekana uko chini ya hapo. Kamati ya wananchi iliyojichangisha ili kupima zebaki kwenye maji inaweza kuambiwa hakuna tatizo, na mwenye mashine akaibandika karatasi hiyo ukutani. Kipimo kinachosema kitu ni cha nywele za watu, cha mkojo wa wachomaji, cha samaki na cha matope. Vyote ni vya maabara.

Tope linadharauliwa kuliko hayo mawili, na kwa maoni yangu ndilo linalostahili kuangaliwa kwanza. Klorini, dawa ambayo Fizi nzima imeizoea tangu enzi za kambi za wakimbizi na milipuko ya kipindupindu, haifanyi kazi vizuri kwenye maji mazito. Chembe za udongo humeza dawa na kuvificha vijidudu. Ukungu wa maji ukizidi 5 NTU, klorini huanza kupoteza nguvu, ndiyo maana maelekezo ya dharura husema maji machafu yatiwe dawa maradufu, au yaachwe yatulie na kuchujwa kwanza. Kwa hiyo mchimbaji anayesema ni tope tu anasema kweli, lakini tope hilo ndilo linalompokonya mama wa chini ya mto kinga yake ya kipindupindu. Kati ya shimo la dhahabu na kitanda cha hospitali, njia fupi kuliko zote inapita kwenye ndoo ya maji ya kahawia iliyotiwa klorini isiyotosha. Hakuna anayehitaji maabara kuiona njia hiyo.

Wanaosema ni kazi ya serikali

Hoja ya kwanza ina sheria nyuma yake. Katiba ya 2006, ibara ya 53, inampa kila mtu haki ya mazingira salama na wajibu wa kuyatetea, na inaikabidhi serikali ulinzi wa mazingira na afya ya watu. Ipo sheria ya mazingira ya Julai 2011, ipo sheria ya maji ya Desemba 2015, na kanuni za madini za 2002 zilizorekebishwa 2018. Ofisi nazo zipo: Wakala wa Mazingira wa Kongo, idara ya mazingira ya wizara ya migodi, na SAEMAPE inayowasimamia wachimbaji wadogo. Wenye hoja hii wanauliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini mwananchi afanye bure kazi ambayo mwingine analipwa kuifanya. Pia ni serikali peke yake inayoweza kumfungia mtu shughuli zake au kumpeleka mahakamani.

Udhaifu wake unajulikana na kila anayeishi huko. Mtumishi wa ngazi ya chini, mwenye mshahara mdogo au asiye nao kabisa, anaishi kwa tozo anazokusanya shimoni. Kumwomba afunge shimo ni kumwomba afunge jiko lake. Barabara hukatika wakati wa mvua, ambao ndio wakati maji yanapochafuka zaidi. Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 na utawala wa mkoa ukahamia Uvira, na sampuli za maji hazikuwa jambo la kwanza katika mizigo yake.

Kuna pia tatizo la fedha linalotajwa kwa nadra. Kanuni ya 2018 inagawa mrabaha wa madini: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 utawala wa mahali pa uchimbaji na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni zenye leseni hutakiwa pia kutenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji. Mgao huo unaeleweka Kolwezi, kwenye kampuni kubwa. Dhahabu ya Lulimba huchimbwa kwa mkono, hununuliwa na manegosian (wafanyabiashara wa kati) na huvuka mipaka bila kuandikwa. Mahali penye uchafu wa wachimbaji wadogo ndipo ambapo fedha ya kisheria ya kuushughulikia haipo.

Wanaotegemea mtaalamu wa nje

Upande wa pili unasema sayansi ibaki kwa wanasayansi. Uvira kuna Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, kinachojua maji ya eneo hili kuliko yeyote. Taasisi ya utafiti ya IPIS ya Antwerp, Ubelgiji, imekuwa ikichora ramani za migodi ya wachimbaji wadogo mashariki mwa Kongo tangu 2009. Mashirika ya tiba yana vipimo na yanasikilizwa kimataifa.

Mfano wa Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, unawapa nguvu. Mwaka 2010 zaidi ya watoto 400 walikufa kwa sumu ya risasi iliyotokana na mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Wazazi waliona degedege na homa wakadhani ni malaria. Ilibidi Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) wapate majibu ya damu kutoka maabara ya nje ndipo sumu ikapewa jina. Macho ya wanakijiji yaliona vifo, hayakuweza kuona chanzo.

Ila mtaalamu wa nje huondoka. Desemba 2020, MSF hiyohiyo ilitangaza kusitisha sehemu kubwa ya kazi zake katika Fizi baada ya wafanyakazi wake kushambuliwa. Watafiti huchukua sampuli wakati wa kiangazi, barabara inapopitika, na ripoti hutoka miaka miwili baadaye kwa Kifaransa au Kiingereza. Mtu aliyetoa nywele zake zikapimwe anastahili kujua majibu; wengi hawajayaona.

Wanaosema wananchi wapime

Hoja ya tatu ina ushahidi mzuri kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Owino Uhuru, mtaa wa mabanda huko Mikindani, Mombasa, ulikuwa na takriban watu 3,000 na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu mlangoni. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua mwanawe ana sumu ya risasi mwilini. Alianza na vipimo vya damu vya watoto watatu wa mtaa, akaendelea na maandamano na barua. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ikiigusa hata mamlaka ya mazingira ya taifa, na baada ya mahakama ya rufaa kuitengua, Mahakama ya Juu iliirudisha Desemba 2024. Nairobi, Muungano wa Wanavijiji na wenzao walihesabu kaya za Mukuru, vyoo, mabomba na bei ya maji, na mwaka 2017 kaunti ikalitangaza eneo hilo kuwa la mpango maalumu.

Kongo yenyewe ina mfano wake. Julai 2021 mito Tshikapa na Kasai iligeuka nyekundu kwa taka zilizotoka mgodi wa almasi wa Catoca, Angola. Waliokuwa wa kwanza kujua ni wavuvi walioona samaki wanaelea. Wiki kadhaa baadaye waziri wa mazingira Eve Bazaiba alitangaza vifo 12 na wagonjwa zaidi ya 4,000.

Mifano hii hutajwa sana mikutanoni, na kinachosahaulika ni kile kilichoifanya ifanikiwe. Owino Uhuru kulikuwa na mchafuzi mmoja mwenye anwani, na mahakama inayofanya kazi. Mukuru kulikuwa na serikali ya kaunti inayotafuta kura. Tshikapa chanzo kilikuwa kimoja, na bado kilichotoka kwa wananchi kilikuwa picha na vilio tu. Kuthibitisha kilichomo majini kulihitaji maabara. Lulimba haina mchafuzi mmoja. Ina mamia, na baadhi yao ni jamaa wa wale watakaopima. Mama anayelalamikia tope asubuhi ana mume kwenye shimo la juu. Mwenye shimo ndiye aliyelipa ada ya shule. Katika mazingira hayo kumtaja mchafuzi ni kumtaja shemeji.

Kisha kuna bunduki. Eneo la Misisi na Lulimba limekuwa kwa miaka na vikundi vyenye silaha, kikiwemo cha Mai-Mai Yakutumba, na jeshi nalo halijakaa mbali na mashimo. Mtu anayetembea na daftari akiandika nani ana mashine ngapi na anachomea wapi dhahabu hatachukuliwa kuwa mtunza mazingira. Mfumo wa Kufatilia, ulioanzishwa na IPIS pamoja na mashirika ya wenyeji ili watu watoe taarifa za matukio ya migodini kwa simu, unalitambua hilo: jina la mtoa taarifa hulindwa, na taarifa huhakikiwa kabla ya kusambazwa. Kamati ya mtaa haiwezi kujificha hivyo, kwa kuwa kila mtu anajua nani yumo.

La mwisho ni uchovu. Kongo imejaa kamati za wananchi: kamati za afya za CODESA, mareko (wahudumu wa afya wa jamii) wanaozunguka nyumba hadi nyumba, kamati za mahali za kufuatilia shughuli za migodi, kamati za visima. Nyingi huwa hai pale posho inapokuwepo. Kuongeza moja ya uchafuzi, yenye fulana na kofia zake, ni kuongeza jina kwenye orodha ndefu.

Ipo pia njia ya mkato: kufunga

Wanasiasa huipenda. Agosti 2021 gavana wa Kivu Kusini, Théo Ngwabidje, alisimamisha kampuni za Kichina katika Mwenga baada ya wakazi kulalamikia uharibifu. Julai 2024 gavana Jean-Jacques Purusi alisimamisha uchimbaji mkoa mzima. Amri kama hizo hutuliza hasira kwa wiki chache. Mchimbaji asiye na shamba haendi popote. Anachimba usiku, na anachomea zebaki chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa. Kwa afya ya familia yake hilo ni baya kuliko kuchomea uwanjani.

Uzito uko wapi

Nikizilinganisha hoja hizi, naona kosa ni kuzitaka zishindane juu ya kitu kimoja. Kila hatari inamtaka mpimaji wake. Zebaki na risasi ni za maabara. Mwananchi akijaribu kuzipima majini atajidanganya au atadanganywa. Sheria na adhabu ni za serikali, hata ikiwa dhaifu. Tope na kinyesi ni vya wananchi, kwa sababu vinapimika kwa vyombo rahisi na kwa sababu jibu lake, au sehemu yake kubwa, liko mtaani palepale.

Mrija mwangavu wenye alama chini unatosha kupima tope: unamimina maji mpaka alama ipotee, unasoma kina. Kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi kinaonyesha kama ndoo bado ina klorini, na kiwango kinachotakiwa nyumbani ni kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Chupa yenye karatasi ya dawa inayogeuka nyeusi baada ya siku moja au mbili inaashiria kinyesi. Reko aliyesoma shule ya msingi anaweza kufundishwa yote matatu. Namba zikiandikwa ubaoni kwenye kituo cha afya, karibu na idadi ya wagonjwa wa kuhara wa wiki ile, zoni ya afya ya Kimbi-Lulenge inapata onyo kabla ya mlipuko, bila ripoti ya mtu yeyote kutoka Antwerp. Kwa hiyo kazi wapewe CODESA na mareko waliopo, na bajeti iende kwenye vidonge vya kupimia na ujira wao badala ya kuunda kamati mpya.

Kipimo cha tope kina faida nyingine: hakimtaji mtu. Ubao ukisema maji ya chini ya daraja yalikuwa mazito kuanzia alfajiri hadi saa sita mchana, wenye mashimo wanaweza kukaa na chifu wakakubaliana saa za kuosha na saa za kuteka, au kuchimba mabwawa ya kutulizia maji kabla hayajarudi mtoni. Mapatano ya namna hiyo hayaihitaji Kinshasa, na hayamlazimishi mtu kumshtaki shemeji yake mbele ya wenye silaha. Yana bei: mwenye motopompe atapoteza saa za kazi, na atataka kujua nani anafidia. Nadhani atakubali kwa urahisi zaidi kuliko tunavyodhani, maana wafanyakazi wake nao hunywa maji hayohayo, na shimo lenye kipindupindu halitoi dhahabu.

Kwa zebaki, wananchi wanaweza kufanya jambo moja bila maabara, nalo ni kuandika mahali pa kuchomea pasipo majina ya watu: ndani au nje, karibu na shule au mbali, kuna kifaa cha kuzuia mvuke au hakuna. Orodha hiyo ndiyo itakayomwambia mtafiti wa Uvira achukue nywele za nani na samaki wa wapi, barabara itakapofunguka. Majibu yakipatikana yasomwe kwa Kiswahili Lulimba kwanza, kisha yapelekwe Kabambare, kwa watu wanaokunywa Luama na wasiopata hata gramu ya dhahabu yake.